Saverio Nyongesa Makokha, Aliyetuambia Tuanue Nguo

Huyu tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, kutoka uani kwake hapa Makindye hadi kwao Kimilili, aliitwa Saverio Nyongesa Makokha. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Wengi wenu mlimjua kama Omukenya. Wengine mlimwita Bwana Hewa. Jalia, jirani yake wa ukuta mmoja, alimwita Mukubwa wa Mvua, cheo ambacho hakikuwa na mshahara lakini kiliheshimiwa kuliko vyeo vingi vyenye mshahara. Familia ilipelekewa wasifu mwingine uliokwisha kuandikwa na mwajiri wake, wenye maua pembezoni na jina lake likiwa limekosewa mara mbili. Kwa maua tunashukuru. Wasifu tumeuandika wenyewe, kwa kuwa ule wao ulisema kwamba dhoruba ilikuja ghafla na fundi hakutoa onyo. Mtu hawezi kushushwa kaburini na maneno hayo juu ya kifua chake ikiwa si ya kweli. Si ya kweli, na haya yafuatayo yanaeleza kwa nini.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Aprili 1976, katika kijiji kilichoko juu kidogo ya Kimilili, miguuni pa Mlima Elgon, mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Makokha na Mama Nasimiyu. Mama husema siku ile ilinyesha. Mzee husema haikunyesha. Ndoa yao ina zaidi ya miaka hamsini na mitano na suala hilo halijafungwa, na huenda ndiyo sababu mtoto wao wa nne alikua na tabia ya kuandika mambo yakiwa bado mabichi, kabla watu hawajaanza kuyakumbuka.

Masomo ya msingi aliyapata palepale kijijini kuanzia mwaka 1984. Shule ilikuwa na kipimamvua, kopo la chuma lililosimikwa kwenye majani nyuma ya ofisi, na chupa ndani yake. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi mmoja alitumwa kusoma kiasi cha maji na kukiandika kwenye daftari. Mwaka 1990, akiwa darasa la saba, zamu hiyo ilikuwa ya Saverio. Mwezi wa Februari, wakati hata kuku walipotembea midomo wazi, chupa ikakutwa na milimita kumi na mbili. Mwalimu mkuu alifurahi, akaandika barua, akaituma kwa afisa wa kilimo asubuhi ileile: shule yangu imepata mvua. Saverio yeye aliinusa chupa. Kwenye safu ya maelezo akaandika: "Si mvua. Ni mkojo."

Alichapwa viboko sita. Hakuna aliyesema kwamba amekosea. Alichapwa kwa sababu barua ilikuwa imeshaondoka. Waliokojoa walikuwa wawili. Mmoja amekuwa mheshimiwa na ametuma rambirambi ndefu sana. Mzee Makokha aliposikia, hakwenda shuleni kugomba. Alimwuliza mwanawe swali moja tu: "Uliliacha neno lako kwenye daftari, au ulilifuta?" Saverio akasema aliliacha. Mzee akamchinjia kuku, na kwa Waluhya hiyo ni zaidi ya nishani.

Elimu ya sekondari aliimaliza mwaka 1995, kisha akasomea ufundi wa vyombo vya umeme katika chuo kimoja cha Kisumu, akatunukiwa cheti mwaka 1998. Alikimaliza chuo, jambo linalotajwa hapa kwa heshima kwa sababu upande wa pili wa familia hii una watu walioanza vyuo vikubwa zaidi na kutokea mlango wa nyuma.

Aliingia Kampala Januari 2000 kupitia Busia, akiwa na mfuko wa nguo, kifaa cha kupima umeme, na anwani ya binamu ambaye alikuwa amehama miezi mitatu kabla. Alipata kazi Kabalagala, kutengeneza spika na vikuza sauti vya mabaa. Kwa miaka kumi na miwili mlipokosa usingizi kwa sababu ya kelele za barabara ile, Saverio alichangia. Alijua uzito wa spika kuliko mchungaji anavyojua uzito wa dhambi. Tafadhali likumbukeni hilo, maana mbele litahitajika.

Alikutana na Teresa Akech katika soko la Owino mwaka 2003. Teresa alikuwa akiuza nguo za watoto za mitumba, ameziweka juu ya turubai, jua limewaka. Kijana mmoja asiyemjua akasimama mbele yake, akatazama juu, akasema, "Dada, funika mali yako."

"Wewe ni wa manispaa?"

"Hapana."

"Basi ni mchawi. Ondoka mbele ya wateja."

Aliondoka. Baada ya dakika ishirini mvua ilishuka kama imemwagwa na mtu aliyekasirika. Teresa alikuwa ameshafunika, kwa sababu, alivyoeleza baadaye, kijana alikuwa na uso wa mtu asiyejua kudanganya, na uso wa namna hiyo unaogopesha. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 18 Desemba 2004. Vikao vya mahari vilikuwa virefu, kama iwavyo Wajaluo wakikutana na Waluhya: upande mmoja ulisema sana na upande wa pili ulikula sana, na kila upande ulirudi nyumbani ukiamini umeshinda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Moreen mwaka 2005 na Travis mwaka 2010.

Kuanzia mwaka 2012 marehemu alihamishia ufundi wake Ggaba, ufukweni, akitengeneza taa, redio na vifaa vya kutafutia samaki kwenye boti za watu. Huko ndiko alikolijua ziwa. Hakulipenda. Alisema ziwa ni kama tajiri: halina sababu ya kukuchukia, ila halikuoni. Mwaka 2021 aliajiriwa na kampuni ya boti za starehe iitwayo Mawimbi Mema, kwenye boti yao kubwa, Neema Tele. Kampuni ilikuwa imewekewa masharti na watu wa bima: boti iwe na vifaa vya kupimia hali ya hewa. Vifaa vikanunuliwa, fundi akatafutwa, akapigwa picha amesimama kando ya vifaa, na picha ikawekwa kwenye tangazo lililoandikwa "Boti yenye akili". Kwa maoni ya kampuni, hapo kazi yake ilikuwa imekamilika.

Yeye aliona ndiyo imeanza. Juu ya mlingoti kulikuwa na vikombe vitatu vidogo vinavyozungushwa na upepo ili kuhesabu kasi yake, na mkia wa bati unaogeuka kuonyesha unatoka wapi. Chini yake kisanduku cheupe chenye matundu, ndani mna kipimo cha joto na cha unyevu. Karibu na usukani kulikuwa na kipimo cha mgandamizo wa hewa, ambacho marehemu alikipenda kuliko vyote kwa kuwa, alisema, hicho hakitazami, kinahisi. Mgandamizo ukishuka upesi, kuna kitu kinakuja, hata kama mbingu inacheka. Nyaya zote ziliishia kwenye kioo kimoja mbele ya nahodha, na king'ora kililia mambo yalipozidi kipimo. Kila nusu saa Saverio aliyasoma yote na kuyaandika kwenye daftari la jalada gumu, ambalo alilifunga ndani ya kavera mbili, ile mifuko ya plastiki, kama mama anavyofunga nyama ya kupelekea mkwe.

Kisha alimwandikia mkewe. Hili ndilo wanandoa wengine mnaloliita mapenzi, na yeye aliliita nakala ya pili. "Upepo kutoka kusini, kilomita kumi na mbili, hewa imetulia, mpaka saa kumi hakuna mvua, fua." Au: "Usifue." Au neno moja: "Anua." Kilima hiki cha Makindye kinapokea hali ya hewa ya ziwani kwa kuchelewa kidogo, kama kinavyopokea habari zote, kwa hiyo alichokiona yeye kwenye maji kilifika kwenye kamba zetu baada ya nusu saa au zaidi. Ua mzima ulijua. Jalia, ambaye huwafulia wafanyabiashara wa Owino mitumba yao kabla haijapangwa sokoni, aliacha kutazama mawingu kabisa. Kila asubuhi sauti yake ilipita ukutani:

"Mama Moreen, Mukubwa amesema nini leo? Nguo ya watu iko hamsini hapa. Mi naanika ama naacha?"

"Amesema mpaka saa nane."

"Na kama amekosa?"

"Utamfulia yeye bure."

"Tangu mwaka ule alikosa, mi sijamfulia bure. Huyu bwana yako anakula na mawingu sahani moja."

Katika miaka minne, kwa hesabu ya Jalia ambaye hana sababu ya kumpendelea mtu, alikosea mara mbili. Wanaotabiri redioni wanaombwa wasijilinganishe.

Kazini mambo yalikuwa mengine. Mwezi Machi 2024, wageni wakiwa katikati ya ziwa wanakata keki, king'ora kililia. Nahodha Komakech, ambaye alijifunzia utii jeshini na tangu hapo hajaweza kuuacha, aligeuza boti na kurudi Ggaba. Walipofika, jua lilikuwa linawaka. Wageni walishuka wamenuna, keki imechubuka, mmoja anarekodi malalamiko kwa simu. Madam Docus, meneja wa kampuni, ambaye tunaye hapa katika safu ya pili karibu na shada lake, alimwita Saverio mbele ya watu.

"Saverio, hii mvua iko wapi?"

"Iko pale ambapo sisi tungekuwa, madam."

Alikuwa anasema kweli. Jioni ileile wavuvi wawili walikokotwa ufukweni kutoka palepale, mtumbwi umekatika. Lakini hapo ndipo penye ubaya wa kazi hii. Mpishi akipika vizuri, watu wanakula wanaona. Fundi wa hewa akifanya vizuri, hakuna kinachotokea, na watu huuliza kwa nini wamekatizwa keki. Siku iliyofuata waya wa king'ora ulikatwa, ikawekwa taa nyekundu ndogo, na mbele ya taa kreti za soda. Ikatolewa pia amri mpya: nahodha asigeuze boti bila kumpigia meneja simu na kupata ruhusa. Yaani mtu aliyekaa ofisini barabarani ndiye angeamua kama kuna upepo majini.

Mwezi Julai mwaka huu kampuni ilileta spika mpya, kubwa kama kabati la nguo, na kwa kuwa chini wageni waliitumia kuwekea chupa, ikapandishwa na kufungwa kwa kamba juu ya mlingoti, upande wa nyuma wa vile vikombe vitatu. Saverio alieleza mambo mawili. La kwanza, boti ikirudi Ggaba spika inaziba upepo wa kusini, vikombe havitazunguka, na kioo kitasema shwari hata ziwa likiwa limechemka. La pili, uzito kama ule juu ya boti utaiangusha ubavu ikipigwa na wimbi. Aliyaandika yote mawili kwenye kundi la simu la wafanyakazi, kwa adabu, akianza na "Habari za asubuhi wakubwa". Akajibiwa kwa picha ya kidole gumba. Kidole hicho kipo bado, mtu yeyote akitaka kukiona.

Wasifu wa namna hii huwa na aya ya ugonjwa. Marehemu hakuugua. Alipata malaria mwezi Agosti, akalala siku nne, akapona, akarudi kazini. Tunaitaja malaria hiyo kwa sababu taarifa ambayo kampuni ilitoa baada ya ajali imeikumbuka, ikasema fundi "alikuwa na afya dhaifu". Siku nne alizougua hawakumpigia hata simu moja. Alipokufa wamekuwa madaktari.

Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, saa tano asubuhi, Neema Tele iliondoka Ggaba na wageni thelathini na mmoja, wafanyakazi wa duka la vitambaa waliokuwa wakisherehekea mwisho wa mwaka mapema kwa sababu Desemba kila kitu hupanda. Walikula samaki kisiwani, wakacheza. Saa nane na dakika arobaini mchana walianza kurudi, maana boti ilikuwa imeahidiwa watu wengine saa kumi na moja. Dakika kumi baadaye Saverio alisoma kipimo cha mgandamizo, akakisoma tena. Akamwambia Komakech warudi kisiwani. Komakech akapiga simu, kama amri inavyosema. Yaliyosemwa tumeyapata kwa Komakech mwenyewe.

"Madam, fundi anasema hewa imeanguka. Tunarudi kisiwani, tungoje."

"Kioo kinasema upepo ngapi?"

"Nne."

"Kilomita nne? Hiyo ni feni. Kuja nyumbani, Komakech."

Ni ile nne ya spika. Kifaa kilikuwa kimefungwa macho, kisha kikaitwa shahidi. Na ndiyo nne hiyohiyo iliyomo kwenye kumbukumbu za mashine, ndiyo iliyobandikwa kwenye taarifa ya kampuni kuonyesha kwamba hapakuwa na dalili yoyote.

Saverio hakubishana. Alichukua majaketi ya kuokolea maisha akaanza kuyagawa. Wageni walikataa. Yanaficha nguo, walisema, na nguo ndiyo sababu ya kuja. Ndipo mtu huyu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusema uongo akasema mmoja: kwamba kampuni inataka picha ya pamoja ya tangazo, kila mtu awe na jaketi, kamba zifungwe sawasawa, asiyefunga atakatwa kwenye picha. Walifunga wote. Picha tunayo. Watu thelathini na mmoja wanacheka, na nyuma yao, upande wa kusini, kuna kitu cheusi ambacho hakuna anayekitazama isipokuwa aliyeshika kamera.

Dhoruba iliwakuta saa tisa na nusu. Wimbi la pili liliilaza boti ubavu na boti haikuinuka, kwa sababu ya kabati lile lililokuwa juu. Komakech anasema Saverio alitazama juu mara moja tu. Alikwea mlingoti na kisu cha jikoni. Jaketi lake lilinasa kati ya spika na chuma, akalivua. Akakata kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Spika ikaenda ikamchukua, boti ikainuka. Wageni wote wako hai, pamoja na Komakech na mpiga muziki wa boti. Wavuvi wa kisiwa cha Koome waliupata mwili wa marehemu Jumatatu tarehe 10, asubuhi. Taarifa ya kampuni inasema alipanda mlingoti bila ruhusa. Katika taarifa nzima, sentensi hiyo ndiyo pekee tunayoikubali.

Daftari lake kampuni inalo, na inasema lililowa halisomeki. Boti haikuzama na daftari lilikuwa ndani ya kavera mbili, lakini maji ya ofisini huenda ni makali kuliko ya ziwani.

Jumanne, Komakech aliitwa ofisini akapewa karatasi iliyosema kwamba hakupokea onyo lolote kutoka kwa fundi. Akatia sahihi. Jumatano mchana alikuja hapa matangani, akakaa kwenye benchi lile pale, akapewa chai. Chai ikapoa. Jalia, ambaye alikuwa akigawa vikombe, akasimama mbele yake.

"Afande, chai ya msiba haina sumu. Kwa nini hunywi?"

"Mi sina haki ya hii chai."

"Nani amekunyima?"

"Mkono yangu mwenyewe." Akamtazama Teresa. "Mama Moreen, mi nimeandika ati Saverio hakusema. Wamesema nisipoandika, boti nyingine hakuna. Mi niko na watoto watano."

Teresa akauliza, "Na alisema?"

"Alisema. Akarudia. Mi nikapiga simu mara mbili. Iko hapa kwa simu yangu, namba na saa."

"Basi kunywa chai," Teresa akasema, "halafu utuambie taratibu, Travis ataandika."

Travis aliandika kurasa tatu, kwa mwandiko ambao baba yake angeulalamikia. Komakech aliziweka sahihi zote, sahihi ileile ya Jumanne. Jana alipigiwa simu kwamba asihangaike kurudi kazini. Yumo kati ya watakaobeba jeneza leo, upande wa kulia mbele. Tulimwuliza kama tubadilishe jina lake humu. Akasema, "Andika. Na nukta uweke."

Kuna ushahidi wa pili, nao uko kwenye simu ya Teresa. Tunausoma kama ulivyo.

Saa nane na dakika hamsini: "Hewa imeshuka mbili tangu saa saba. Kusini kweusi. Mwambie Jalia asianike tena."

Saa tisa na dakika kumi: "Kioo kinasema nne, usikiamini, spika imeziba. Tumeomba turudi kisiwani, madam amekataa. Anua nguo."

Saa tisa na dakika ishirini na sita: "Umeanua?"

Hayo ndiyo maonyo ya mtu ambaye hakutoa onyo. Alimpa nahodha, nahodha akampa meneja, na meneja akakiamini kioo. Kisha akaupa ua wa Makindye, na ua haukuuliza kioo kinasema nini. Teresa alitoka, akamgongea Jalia ukutani, Jalia akaita wa vyumba vya nyuma, na wanawake saba wakaanua kamba zote kwa kupokezana, mitumba ya watu, shuka, sare za shule za Jumatatu. Mvua ilipofika kilimani saa kumi na dakika tano, haikukuta hata soksi. Walikaa mlangoni wakiitazama inavyopiga, wakacheka, wakamsifu Mukubwa. Jalia alisema akirudi atampikia. Wakati huo alikuwa ameshakufa kwa dakika thelathini hivi, na nguo zetu zilikuwa kavu.

Marehemu ameacha wazazi wake, Mzee Makokha na Mama Nasimiyu, wanaomsubiri Kimilili. Mjane, Teresa Akech. Watoto wawili, Moreen, aliyeko mwaka wa pili chuoni na ambaye ameagizwa na baba yake akimalize chuo, na Travis, ambaye tangu Jumatatu husoma kipimo cha hewa ambacho baba yake alikiweka dirishani saa tatu asubuhi na kuandika. Ndugu sita, mashemeji wengi mno. Jirani mmoja wa ukuta. Na nahodha mmoja asiye na boti. Ameacha pia watu thelathini na mmoja wanaouza vitambaa. Tisa kati yao wamekuja leo, na wamevaa vizuri sana.

Liko jambo moja lililobaki. Ule ujumbe wake wa mwisho, wa "Umeanua?", Teresa aliujibu saa tisa na dakika thelathini na nane, mikono ikiwa na shuka. Jibu lina alama moja ya tiki hadi leo. Halikufika. Kwa mtu aliyeandika kila kitu na kusubiri kila mara athibitishiwe, hatuwezi kumwacha aondoke nalo likiwa njiani. Kwa hiyo, kabla hatujafunga sanduku, linasomwa hapa kwa sauti, kwa idhini ya aliyeliandika, na ua wote mnaombwa msimame:

"Nimeanua zote. Na za Jalia."

Lala, Saverio. Hewa imetulia.